Minova: Mwanga unaozimika ukinusa baruti

Jembe likigonga kitu kigumu katika shamba la maharagwe karibu na Minova, huenda ni jiwe, huenda ni mkebe mkuukuu, huenda pia ni bomu lililoanguka bila kulipuka. Mkulima hana njia ya kujua, na msimu wa kupanda haumsubiri.

Mji huu mdogo wa wilaya ya Kalehe, Kivu Kusini, uko kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Bukavu na Goma. Mwaka 2024 ulipokea maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya upande wa Sake. Tarehe 21 Januari 2025 ukaingia mikononi mwa M23. Mizinga ikinyamaza, yale ambayo hayakulipuka hubaki udongoni.

Mafundi wa kutegua mabomu hutegemea mashine inayolia ikipita juu ya chuma. Tabu ni kwamba hulilia pia maganda ya masasi, misumari na mikebe ya sardini. Kila mlio lazima uchimbwe polepole, kana kwamba ni bomu kweli.

Ndiyo maana wanasayansi walitafuta kifaa cha kunusa baruti yenyewe. Mwaka 1998, Timothy Swager na Jye-Shane Yang wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza juu ya polima, yaani kemikali ya mnyororo mrefu, inayong'aa ikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Molekuli ya TNT ikiigusa, huinyang'anya nguvu ya kung'aa. Kwa kuwa nguvu hiyo hutembea ndani ya mnyororo, molekuli moja huzima sehemu kubwa, kama waya mmoja ukikatika na taa za nyumba nzima zikazimika. Kifaa hupima kule kufifia. Wanajeshi wa Marekani walitumia vya aina hiyo, vilivyoitwa Fido, nchini Iraki.

Je, kingefaa Minova? Kwa sehemu tu. Mvuke wa TNT ni haba mno, na wa RDX, baruti nyingine ya kijeshi, ni haba zaidi. Kombora la chuma kinene halivujishi karibu chochote. Kwa hilo, mashine ya chuma bado ndiyo ya kwanza. Kinachonusa kinasaidia zaidi kwa mabomu ya plastiki yaliyotegwa ardhini, ambayo mashine ya chuma huyapita kirahisi.

Mnusaji wa jirani hahitaji betri. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya wakubwa kutambua harufu ya TNT. Ni wepesi, hivyo hawalipui bomu wakilikanyaga. Walisaidia Msumbiji hadi ikatangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015.

Kwa anayelima leo, kinachomlinda ni macho yake. Akiona chuma asichokijua, asikiguse wala asikitupie jiwe, na asiwaachie watoto wanaookota vyuma vya kuuza. Arudi kwa nyayo zake mwenyewe, aweke alama mbali nacho, kisha amjulishe chifu wa kijiji.