Waongozaji wa Boti katika Mikondo ya Mto Nile, Jinja

Kazi ya kuongoza boti mtoni imestawi Jinja, nchini Uganda, ambako Mto Nile hutoka Ziwa Victoria na kutiririka mwaka mzima kandokando ya nchi ya Wasoga, na ambako tangu miaka ya 1990 wageni wamekuwa wakishushwa katika maporomoko kwa boti za mpira zilizojazwa hewa.

Mwongozaji hukaa nyuma ya boti, huielekeza kwa kasia, na kuwaamuru abiria wapige makasia, waache au wajishikilie. Ukali wa maji hupimwa kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6, na poromoko la daraja la 6 kwa kawaida wageni hawapitishwi, bali hushuka na kulizunguka kwa miguu. Msingi wa kazi ni kusoma maji: ulimi laini wa maji uliochongoka kuelekea mto uendako huonyesha njia, ilhali mchirizi uliochongoka kuelekea mto utokako huashiria mwamba uliojificha. Elimu hii hupokewa kwa kumfuata aliyetangulia, na vijana wengi huanza wakiwa waokoaji katika kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya mtu mmoja inayosindikiza boti.

Kabla ya kazi hii, maporomoko hayo yalikuwa na heshima yake. Wasoga huamini kwamba poromoko la Bujagali ni makao ya mzimu Budhagali, ambaye husema kupitia mtu aliyemchagua, na poromoko la Itanda nalo ni mahali pa matambiko. Bwawa la umeme la Bujagali lilipozinduliwa mwaka 2012, baada ya matambiko ya kuiomba radhi mizimu, maporomoko ya hapo yalizama, na waongozaji wakahamia chini zaidi mtoni. Bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likapunguza tena sehemu iliyobaki.

Umeme ni hitaji la kweli la wananchi, lakini hasara hiyo nayo ni ya kweli, kwa sababu maarifa ya mwongozaji, kama ibada ya mzee wa matambiko, yamefungamana na jiwe na mkondo mahususi, na poromoko likishazama hakuna tena mahali pa kumfundishia kijana. Kwa hiyo wapangao mabwawa wanapaswa kuwahesabu watu hawa wote miongoni mwa wenye mto.