KABLA YA HARAMBEE YA KARO, MWONENI MSHAURI WA CHUO

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, vikundi vyetu huanza kazi. Kuna mama anauza mbuzi, kuna baba anaomba mkopo kwa kikundi, na kadi za harambee zinapita nyumba kwa nyumba. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini mara nyingi tunauliza swali moja tu: "Ni pesa ngapi?" Hatuulizi, "Ni kozi gani, na itamfikisha wapi?" Basi mtoto analipiwa miaka miwili, mitatu, halafu anaambiwa ya kwamba hicho cheti hakikubaliwi na wenye kuandika watu kazi. Pesa imeenda na miaka imeenda.

Njia moja ya kuzuia hasara hii ni rahisi, na bei yake ni nauli. Kabla ya kulipa karo, mtoto aende chuoni akazungumze na mshauri wa masomo. Lakini asiende mikono mitupu. Anayekwenda bila maswali hurudi na karatasi za matangazo tu.

MSHAURI NI NANI?

Ni mtu wa chuo ambaye kazi yake, au sehemu ya kazi yake, ni kuwaeleza wanafunzi juu ya kozi na masomo. Mahali pengine ni mkuu wa idara, pengine ni mwalimu aliyepewa wanafunzi wapya, pengine ni ofisi ya msajili. Usihangaike na cheo chake. Piga simu au fika getini useme hivi: "Nataka kuonana na mtu anayeshauri wanafunzi wapya juu ya kozi. Nije siku gani, saa ngapi?" Mwenye miadi huketi akasikilizwa. Asiye na miadi anaweza kuambiwa arudi kesho, na nauli ya kesho ni nyingine.

Mkumbuke pia ya kwamba mshauri hachagui kwa niaba yenu. Yeye anajua kanuni za chuo. Nyinyi mnamjua mtoto, na mnajua mfuko wenu. Haya mawili lazima yakutane.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, someni ile karatasi ya matokeo vizuri. Watu wengi huangalia gredi ya jumla peke yake. Kwa kawaida C+ ni ya digrii, C- ni ya diploma, D ni ya cheti cha ufundi, na kozi za ufundi za ngazi ya chini hupokea hata mwenye E. Lakini gredi ya jumla hufungua geti tu. Mlango wa kozi yenyewe hufunguliwa na masomo.

KUCCPS ndiyo inayopanga wanafunzi vyuoni. Iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ikachukua mahali pa ile JAB ya zamani. Kwa kozi za digrii huangalia masomo manne yanayohusu kozi. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, halafu zinashuka moja moja mpaka E ambayo ni 1. Kwa hivyo masomo manne hayawezi kuzidi pointi 48. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na B- ya jumla, mmoja akapata kozi na mwenzake akakosa, sababu ni fizikia au hesabu tu.

Pili, mtoto aandike kozi tatu anazozipenda, na kando ya kila moja aandike kwa nini. "Rafiki yangu anaenda huko" si sababu. "Jina la kozi ni kubwa" si sababu.

Tatu, wekeni karatasi hizi katika bahasha moja: matokeo ya KCSE, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na barua ya kuitwa chuoni kama imekuja. Beba nakala, na asili pia kama zitaombwa. Usisahau daftari na kalamu.

MASWALI YA KUULIZA

Mtoto ndiye aulize, mzazi asaidie. Majibu yaandikwe palepale.

1. Kozi hii inataka gredi gani, katika masomo gani? Je, mimi nimefikisha?

2. Chuo hiki kina kibali? Vyuo vya ufundi huandikishwa na TVETA, na vyuo vikuu hukaguliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Usikubali jibu la mdomo peke yake. Omba kuona cheti, na uangalie kama ile kozi yako imo, si jina la chuo tu.

3. Kazi hii ina bodi yake, na bodi imekubali kozi hii mahali hapa? Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, wahandisi wana bodi yao, na walimu wana TSC. Mtu aweza kusoma mpaka mwisho na kufaulu, na bado asiandikishwe na bodi ya kazi yake.

4. Ni nani anatunga mtihani wa mwisho na kutoa cheti? Ni KNEC, ni TVET CDACC, ni KASNEB, au ni chuo chenyewe?

5. Gharama yote ni ngapi mpaka kumaliza? Si karo tu. Uliza juu ya ada ya mtihani, vifaa, nguo za kazi, malazi, na nauli na chakula wakati wa mafunzo kazini, ile tunaita atachimenti.

6. Nikimaliza hapa, naweza kupanda mpaka wapi? Aliyeanza na cheti cha ufundi wa umeme anaweza kuendelea na diploma, na hata digrii baadaye, kama kila ngazi inatambuliwa. Kwa hivyo D siyo mwisho wa safari. Ni kuanzia mahali pengine.

7. Nikiona kozi hainifai, naweza kuhama kabla ya tarehe gani?

KUCHAGUA MASOMO YA KILA SEMESTA

Ukishaingia chuoni kuna kazi nyingine. Mwaka hugawanywa kwa semesta, na kozi hugawanywa kwa vipande vinavyoitwa yuniti. Mwanzoni mwa kila semesta mwanafunzi hujiandikisha kwa yuniti atakazosoma. Asiyejiandikisha anaweza kukaa darasani muhula mzima, halafu jina lake likakosekana katika orodha ya mtihani.

Yuniti ni za namna tatu. Kuna za lazima, hizo huwezi kukwepa. Kuna za kuchagua. Na kuna zile ambazo hufunguliwa na nyingine: usipopita ya kwanza huwezi kuchukua ya pili. Mwombe mshauri orodha ya yuniti za kozi nzima, tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukiwa nayo utajua mapema unaelekea wapi.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna msichana anataka kuwa mwalimu wa sekondari. Jumla amepata B-. Kiswahili ana B, jiografia C+, na historia C. Yeye anapenda kufundisha Kiswahili na historia. Chuo kinaweza kumpokea, kwa maana gredi yake ya jumla inatosha. Lakini TSC imekuwa ikitaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla, na tena C+ katika kila moja ya yale masomo mawili anayofundisha. Ile C ya historia itamfunga baada ya miaka minne. Kumbe njia yake iko kwa Kiswahili na jiografia, mradi athibitishe ya kwamba chuo na TSC wanakubali masomo hayo mawili yaende pamoja. Pia ahakikishe anachukua yuniti za kutosha katika kila somo, sababu hayo nayo huangaliwa. Jambo kama hili mshauri anaweza kulimaliza kwa dakika kumi. Kulirekebisha baadaye kunaweza kuchukua miaka.

Na neno moja juu ya mzigo. Usichukue yuniti nyingi kupita zile chuo kimeweka kwa semesta ya kwanza ukidhani utamaliza haraka. Kurudia yuniti ni pesa nyingine.

KAZI YA MZAZI NA YA KIKUNDI

Mzazi, nenda na mtoto wako, lakini umwache azungumze. Wewe hutaketi katika lile darasa. Usimsukume msichana kwa kozi fulani kwa sababu ni ya karibu au ni ya bei rahisi tu, na usimsukume kijana kwa kozi ambayo wewe mwenyewe uliikosa.

Kikundi kinaweza kuweka kanuni: hakuna harambee ya karo kabla ya kikundi kusomewa majibu ya yale maswali saba. Hii si kumnyima mtu. Ni kulinda pesa ya wajane na ya wauza mboga. Pesa ilipwe kwa njia ya chuo yenyewe, si mkononi mwa mtu anayesema "nitakutafutia nafasi", na risiti iletwe mkutanoni. Kikundi kiulize pia kama familia imejaribu basari ya NG-CDF, ya kaunti, na HELB. Lakini mjue HELB ni mkopo. Utalipwa, na riba juu.

Kama kuna kijana wa kijiji ambaye yuko chuoni tayari, mwiteni mkutanoni akiwa likizo. Awaeleze wadogo zake jinsi alivyochagua, na yale angefanya tofauti.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika miaka mitano iliyopita tumechangia karo ya watoto wangapi? Wangapi walimaliza, na cheti kiliwasaidia namna gani?

2. Ni nani kati yetu anaweza kusindikiza mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma, au hana wazazi?

3. Tunaweza kutenga nauli ya safari hii ya kwanza kutoka kwa mfuko wa kikundi?

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa kwanza, halafu kuuliza.