MAELEZO KUHUSU MIFUKO YA MAJENGO YA HOTELI WAKATI WA MARADHI YA MLIPUKO

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa mfuko wa uwekezaji wa majengo humiliki nyumba kwa niaba ya wenye vipande. Nchini Marekani sheria huutaka ugawe angalau asilimia 90 ya pato linalotozwa kodi, hivyo akiba yake huwa ndogo. Na chumba cha hoteli, kinyume na ofisi, hupangishwa usiku kwa usiku.

Mwaka 2020 watalii walioingia Tanzania walishuka hadi 620,867, kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Huko Marekani mfuko wa Host Hotels & Resorts ulichukua mkopo wa dola bilioni 1.5 ili usikaukiwe na fedha taslimu, ukasimamisha gawio, na kulirejesha mwaka 2022.

Vijiji vya Jumuiya ya Ikona wilayani Serengeti, kama vile Robanda, havina vipande, bali ardhi. Hata hivyo tatizo ni lile lile. Ada ya kila mgeni anayelala hukatika wageni wanapokatika, ilhali kodi ya mwaka iliyoandikwa katika mkataba hudaiwa hata vitanda vikiwa vitupu. Askari wa wanyamapori wa vijiji hutegemea mapato hayo hayo, na majangili hawaendi likizo.

Halmashauri za vijiji, zikiwemo za Tarime zinazopakana na hifadhi, zinashauriwa kukikagua kifungu cha kodi ya chini kabla ya kutia saini, pamoja na kile cha dharura, ambacho huweza kumruhusu mwekezaji kusitisha malipo yote.