Mama Ajue Kabla ya Kupasuliwa

Ni ada ya binadamu kuogopa asichokijua. Mama mjamzito huambiwa tarehe ya kupasuliwa, akarudi nyumbani na hofu yake. Jirani humwambia kwamba aliyepasuliwa si mzazi kamili. Mwingine humnong'oneza kuwa hataweza kunyonyesha. Yote mawili si kweli.

Upasuaji wa kupangwa humpa mama kitu ambacho ule wa dharura haumpi, nacho ni muda. Kondo la nyuma likiziba mlango wa uzazi, au mtoto akiwa amekingama tumboni, daktari hupanga siku mapema. Siku za kungojea ni za kujifunza, na simu ya mkononi imekuwa mmojawapo wa walimu. Nchini Tanzania, huduma ya Wazazi Nipendeni ilianza mwaka 2012 kuwapelekea wajawazito ujumbe mfupi bila malipo. Njia kama hiyo, kwa maandishi, sauti au picha, yafaa pia kumwandaa anayengojea kupasuliwa.

Ajifunze nini? Kwanza, sababu ya kupasuliwa kwake, ili atiapo sahihi ajue anaridhia nini. Pili, asile chakula kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya ganzi, na kuhusu maji afuate agizo la hospitali yake. Tatu, akidungwa ganzi ya mgongoni atakuwa macho. Atahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini si maumivu ya kisu. Akisikia maumivu makali, aseme papo hapo. Nne, hali ikiwa njema, mtoto huweza kuwekwa kifuani na kunyonya katika saa ya kwanza. Tano, akisharudi nyumbani, homa, usaha kwenye kidonda, damu nyingi au mguu kuvimba ni dalili za kumrudisha hospitali bila kuchelewa.

Hata hivyo, simu haijibu kila swali, wala haimshiki mkono mwenye hofu. Tena katika nyumba nyingi simu ni ya baba. Basi baba na asome pamoja na mkewe, asiufute ujumbe kwa kudhani ni mambo ya wanawake. Naye mama ayaandike maswali yake, ampelekee mkunga au daktari.

Kuuliza si ujinga. Kutia sahihi bila kuelewa ndiko kwenye hatari.