Msasa Hauoshi Mafuta

Muulize fundi wa mageti kwa nini anapiga msasa kabla ya rangi, atakujibu: rangi ipate pa kushika. Ni kweli, lakini ni nusu ya jambo, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayobandua rangi magamba magamba kabla mwaka haujaisha.

Tone la maji likitua juu ya chuma, ukingo wake hufanya pembe na uso ule. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, chuma kinayapenda maji, nayo hutambaa. Ikizidi hapo, tone hujikunja kama shanga. Mwaka 1936, Robert Wenzel wa Taasisi ya Mellon, Pittsburgh, alieleza mikwaruzo inafanya nini hapo: huongeza eneo halisi la uso, na kwa hiyo huzidisha tabia ambayo uso ulikuwa nayo tangu mwanzo. Tuseme eneo limeongezeka mara 2. Pembe iliyokuwa nyuzi 70 itashuka hadi 47. Iliyokuwa 110 itapanda hadi 133. Msasa uleule, matokeo mawili yanayopingana!

Aliyepita shambani alfajiri ameyaona haya kwenye jani la gimbi. Vinundu vyake vidogo vimepakwa nta, hewa hunaswa chini ya tone, umande ukabingirika bila kulowesha. Wanasayansi Cassie na Baxter waliingiza hewa hiyo kwenye hesabu mwaka 1944. Leo watafiti hukwangua chuma cha pua kwa tindikali au leza, kisha hukipaka kemikali inayokataa maji, na pembe hupita nyuzi 150. Wakiikosa kemikali hiyo, chuma kilichotoka tu kukwanguliwa hulowa kuliko awali.

Turudi kwenye geti. Chuma kipya mara nyingi huja na mafuta ya kukinga kutu. Ukikipiga msasa hivyo hivyo, unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na rangi itakaa juu ya mafuta, si juu ya chuma. Anza na thina na kitambaa safi, ukibadilishe kila kinapochafuka. Msasa baadaye, na usiwe mkali mno: vilele virefu hutokeza kwenye rangi nyembamba, kutu ikaanzia hapo.

Kisha mwagia maji safi. Yakitanda bila kukatika, kausha upesi upake rangi siku hiyohiyo. Yakijigawa vitone, rudi kwenye thina.