Chemba moja, nyumba sita: Nani azibue?

Jumamosi moja niliamshwa na harufu. Chemba ya uani kwetu ilikuwa imefurika, na maji meusi yalikuwa yakiteremka taratibu kwenye ngazi za mawe kuelekea nyumba ya chini. Huko mama mmoja alikuwa ametoka kumwogesha mwanawe wa miaka miwili na kumkalisha mlangoni anywe uji.

Chemba hiyo tunaitumia nyumba sita. Hadi saa nne asubuhi, kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kutohusika. Wapangaji walisema hiyo ni kazi ya wenye nyumba. Mwenye nyumba mmoja, kwa simu, akasema wanaotumia choo ndio wazibue. Vijana wa nyumba ya juu kabisa walisema choo chao hakina tatizo. Na kweli hakikuwa nalo. Kila walichomwaga kilishuka vizuri, kikaenda kutokea kwa jirani.

Mchana fundi alipofika alitoa matambara, taulo za kike na bonge la mafuta yaliyoganda. Kwenye mafuta nilinyamaza. Mara ngapi nimekaanga samaki na kumwaga mabaki kwenye sinki?

Anayeijua Mwanza anajua kwa nini jambo hili linatugusa wengi. Mitaa mingi imepanda vilima vyenye miamba. Kuchimba shimo refu la choo juu ya mwamba ni kazi kubwa, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro vya ngazi. Ndiyo maana baadhi ya watu walizoea kusubiri mvua kubwa wakatapisha vyoo, uchafu ukashuka na maji hadi kwenye mitaro, Mto Mirongo na mwisho Ziwa Victoria.

Ili kuondoa hali hiyo, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (Mwauwasa) ilijenga mtandao rahisi wa majitaka kwenye makazi ya vilimani, yakiwamo ya Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Ujenzi huo ulikuwa sehemu ya mradi uliopata fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mabomba yake ni membamba kuliko ya mtandao wa kawaida, hayachimbiwi chini sana, na hupita uani na vichochoroni yakiunganisha nyumba kwa chemba.

Mfumo wa aina hii ulianza miaka ya 1980 katika mji wa Natal, kaskazini mashariki mwa Brazil. Huko, kabla ya bomba kulazwa, majirani wa eneo moja walikaa kikao wakakubaliana lipite wapi na nani atalitunza. Makubaliano hayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya mfumo, sawa na bomba lenyewe. Uani kwetu bomba lilikuwepo, kikao hakikuwepo.

Hasara ya kukosa kikao ni ya kiafya kabla ya kuwa ya fedha. Kinyesi kinachotiririka uani hubeba vimelea vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika hadi mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mtoto anayetambaa ndiye aliye hatarini zaidi, maana kila anachookota hukipeleka mdomoni.

Kisha kuna kichocho, ugonjwa unaojulikana sana kwa watu wa mwambao wa ziwa. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika ziwani huanguliwa, vimelea vikaingia kwenye konokono, vikakua, kisha vikatoka na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuvua. Watoto hupewa dawa shuleni, lakini dawa haizuii mtu kuambukizwa tena iwapo uchafu unaendelea kushuka ziwani.

Familia zinazotumia chemba moja zifanye nini? Kwanza, kaeni kabla haijaziba. Ikishaziba, kikao hugeuka kesi ya kutafuta mkosaji. Wapangaji na wenye nyumba wote wawepo, na makubaliano yaandikwe. Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Pili, ulizeni mamlaka ya maji sehemu ipi ni yake na ipi ni yenu. Namba ya kutoa taarifa ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataiona.

Tatu, kubalianeni kisichoingia chooni wala kwenye sinki: taulo za kike, nepi, matambara, mchanga wa kusugulia vyombo na mafuta. Maji ya mvua pia yasielekezwe kwenye chemba, kwa sababu mabomba hayo hayakujengwa kwa ajili yake. Wekeni ndoo yenye mfuniko kwa taka za chooni, ili msichana asilazimike kuchagua kati ya aibu na kuziba bomba.

Nne, changeni kidogo kidogo kila mwezi, na kazi ya kukagua isiachiwe wanawake peke yao. Anayefungua chemba avae glavu na mabuti, anawe kwa sabuni, na asiingie ndani ya shimo kwa sababu gesi yake inaweza kuua. Mfuniko urudishwe mara moja ili mtoto asitumbukie.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kilima, ufa huo huonekana kwanza kwa aliye chini, wakati aliyeusababisha yuko juu, hana habari.

Uani kwetu sasa kila nyumba inatoa Sh1,000 kwa mwezi, na Jumamosi ya kwanza tunakagua chemba kwa zamu. Daftari na fedha anatunza mama wa nyumba ya chini. Hakuna aliyepinga, maana tukizembea, yeye ndiye wa kwanza kujua. Zamu ya kwanza ilikuwa ya vijana wa juu. Ya pili ilikuwa yangu, na mafuta ya samaki siku hizi nayamimina kwenye kopo.