Vidanji ya jeep ya zamani: usiangalie kilometa tu

Ndugu wafanyakazi, jeep ya kikundi chetu, Land Cruiser ya zamani ya mazutu, ilikufa moteri njiani ya Kolwezi. Tulikuwa tumenunua mafuta ya bei ya chini, ya kupimiwa kwa chupa. Watu kumi tulilala njiani, na siku ile hatukulipwa.

Fundi alitueleza. Moteri 1HZ, ya silinda 6, iko inafaa mafuta 15W-40 ya mazutu. Kwenye bidoni, pembeni ya API, tafuta herufi C. Kama iko S peke yake, ile ni ya esansi. Kifuniko kisiwe kimekwisha kufunguliwa.

Kwa vumbi ya huku kwetu, fanya vidanji kila kilometa 5.000. Lakini jeep yenye kungojea watu moteri ikiwaka inachosha mafuta bila kontere kusogea. Hapo usingoje 5.000.

Pasha moteri, zima, fungua bushoni ya chini, acha mafuta itoke yote. Badilisha na filtri; mpira wake upakae mafuta mapya. Weka litre 8, washa kidogo, zima, ngoja dakika kumi, pima kwa kijiti. Ongeza pole pole, usipite alama ya juu.

Ile michafu usimwage chini: maji ya kisima inakunywa batoto wetu.

Na kama gari ni ya kampuni, delege wa sendika aombe daftari ya vidanji. Kufika kazini na kurudi nyumbani salama, ile pia ni haki yetu.